Taa wa Java au mafunjo ya ziwani: ubao ni mmoja

Klabu yetu ya mazingira imepata plaiwudi moja, futi nane kwa nne, na makopo matatu ya rangi yaliyobaki bwalo lilipopakwa. Kazi yenyewe ni kuchora kiumbe mmoja, kuandika ukoo wake wa kisayansi upande wa kushoto na hali yake ya uhifadhi upande wa kulia, kisha ubao usimame getini. Wanafunzi wakagawanyika siku hiyohiyo. Kundi la kwanza lilikuwa limesoma kwenye simu habari za taa wa Java, kisiwa cha Indonesia, samaki aliyetangazwa kutoweka mwaka 2023, wakamng'ang'ania huyo. Kundi la pili, wengi wao watoto wa Luchelele na Igombe, kando ya ziwa hapa Mwanza, wakauliza tunachoraje samaki wa bahari ya mbali ambaye hata bibi zao hawakuwahi kumwona, wakati mafunjo yapo hapo nyuma ya nyumba zao.

Mimi mlezi wa klabu nilibaki katikati kwa wiki mbili. Ninayoandika hapa ni kwa mwalimu au mlezi mwingine wa kanda ya ziwa atakayefika njia panda hii, maana itamfikia tu. Kila mwaka kuna ubao, na kila mwaka kuna mtoto aliyesoma kitu kwenye simu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Ukisema "taa" Mwanza, mtu anafikiria mwanga. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ziwa lote kuelekea visiwani linawaka taa za wavuvi wa dagaa: zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwaka juzi nilimwambia mwanafunzi mmoja mwenye mkono mzuri achore taa kwa ajili ya somo la samaki wa gegedu. Nilirudi nikakuta karabai safi kabisa, yenye kioo, mpini na pampu yake. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo ninaanza na sarufi: *taa hii* ni ya kuwasha, *taa huyu* ni samaki bapa mwenye mkia na mwiba wa sumu. Kiswahili kimekwisha kumwainisha kabla mwanasayansi hajafika. Wanafunzi hucheka wakisikia kwamba hata kwenye biolojia kuna ngeli, na hilo ni jambo zuri, kwa sababu wanaocheka hawasahau.

Ukoo

Taa wa Java yuko himaya ya wanyama, faila ya kodata, ngeli ya samaki wa gegedu ambayo jina lake la kisayansi ni Chondrichthyes, oda ya Myliobatiformes, familia ya Urolophidae, jenasi Urolophus. Jina kamili ni *Urolophus javanicus*. Ukimaliza kuyaandika hayo ubaoni, nusu ya darasa imelala. Cha kuwaamsha ni gegedu. Taa hana mfupa hata mmoja mwilini. Ndugu zake ni papa, siyo sangara wala sato, hata kama wote tunawaita samaki na wote wangeishia kwenye sufuria. Anayetaka kushika gegedu na ashike sikio lake.

Hapo huwa naongeza jambo ambalo halimhusu taa moja kwa moja lakini linalipua darasa: kamongo, yule anayevutwa kwenye matope ya vijito vyetu, kiukoo yuko karibu na wewe mwanafunzi kuliko alivyo karibu na sangara. Sangara naye yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na taa. Wananikatalia kila mwaka. Mabishano hayo yana thamani kuliko kukariri oda.

Kuna na kitu kidogo kinachojificha kwenye maandishi ya jina. Vitabuni utaona *Urolophus javanicus* (Martens, 1864). Mabano yale siyo pambo. Eduard von Martens, Mjerumani, alimpa samaki huyu jina la *Trygonoptera javanica*. Baadaye wataalamu wakaona jenasi siyo hiyo, wakamhamisha, na jina la mtu aliyemtambua wa kwanza likawekwa ndani ya mabano kuonyesha kwamba kuna uhamisho ulifanyika. Kuna aina nyingi za taa wenye mkia kama mjeledi, mrefu na usio na pezi, wa familia ya Dasyatidae. Pwani ya Tanzania wapo. Hawa wa Urolophidae mkia wao ni mfupi na una pezi kwenye ncha, na wengi wao ni wa bahari za Australia na jirani zake. Kwa hiyo mchoraji akichora mkia wa mjeledi, amechora ndugu wa familia nyingine.

Mafunjo je? Himaya ya mimea, mimea ya maua, kundi la monokotiledoni, oda ya Poales, familia ya Cyperaceae, jenasi Cyperus, spishi *Cyperus papyrus*. Aliyeyapa jina ni Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, mwaka 1753, na halijahama jenasi tangu siku hiyo. Hakuna mabano. Zaidi ya karne mbili na nusu, jina lilelile.

Tofauti ni kwamba huu ukoo unashikika. Nenda na kisu, kata shina moja, ulete darasani. Mpe mwanafunzi alibingirishe kati ya viganja. Halibingiriki vizuri, kwa sababu lina pembe tatu. Apitishe kidole: moja, mbili, tatu. Alikate vipande apendavyo, hatakuta fundo hata moja, na ndani hamna tundu, mna moyo mweupe laini kama sponji. Sasa mpe tete. Tete ni duara, lina mafundo, katikati ni wazi. Mtu wa mjini anayepita kwa daladala huita yote "majani ya ziwani", lakini matete ni nyasi, ndugu wa muwa na mahindi, na mafunjo ni familia nyingine iliyo jirani ndani ya oda ileile. Nanasi nalo limo kwenye oda hiyo, ukitaka kuwashangaza.

Halafu waambie ndugu wa damu wa mafunjo ni nani: ndago. Ile ndago ya shamba la shule, unayoing'oa Jumatatu na Ijumaa imerudi, *Cyperus rotundus*, jenasi moja kabisa na mafunjo. Kata shina la ndago karibu na ua lake, ulitazame kwa karibu: pembe tatu, ndogo tu. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepewa adhabu ya kung'oa ndago wiki nzima alikitazama kile kipande, akatazama la mafunjo lenye urefu wa kumzidi, akasema, "Madam, kumbe kaka yake ni huyu?" Sijui kama kuna kitabu kingemfundisha uainishaji kwa haraka hivyo.

Kwa ukoo, basi, sioni mashindano. Mafunjo yanashinda, kwa sababu ushahidi uko mkononi. Ushahidi wa taa wa Java uko kabatini huko Berlin, na hata huko upo mmoja tu.

Hali

Huyo mmoja ndiye anayegeuza meza.

Mwaka 1862 Martens alinunua taa kwenye soko la samaki la Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta. Alikuwa jike, urefu sentimita 33. Fikiria mtu anakatiza soko letu la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi, anaona samaki asiyemjua kwenye fungu, ananunua, anaondoka naye. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyethibitisha kumwona wa aina hiyo, sokoni wala baharini. Yote tunayoyajua kuhusu spishi nzima yanatoka kwenye mwili wa samaki mmoja aliyenunuliwa sokoni.

Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ndio unaotunza Orodha Nyekundu, na orodha hiyo ina madaraja tisa: haijatathminiwa, taarifa hazitoshi, wasiwasi mdogo, karibu na hatari, dhaifu, hatarini, hatarini kabisa, imetoweka porini, imetoweka. Taa wa Java alikaa kwanza kwenye hatarini kabisa. Desemba 2023, baada ya tathmini iliyoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Charles Darwin, Australia, akahamishiwa daraja la mwisho. Watafiti hao walieleza kwamba ni samaki wa kwanza wa baharini kutangazwa kuwa ametoweka kwa sababu ya shughuli za binadamu.

Wanafunzi huuliza, na ni haki yao: unajuaje kwamba hayupo? Bahari ni kubwa. Hapa ndipo somo lilipo. Daraja la kutoweka halitolewi kwa sababu watu hawajamwona kwa muda. Linatolewa pale ambapo hakuna shaka ya msingi iliyobaki kwamba wa mwisho amekufa. Huyu alikuwa samaki wa pwani, siyo wa vilindini. Kwa takriban miaka 20, kuanzia 2001, wataalamu walikuwa wakikagua mialo na masoko ambako samaki wa eneo hilo hushushwa, na hakuonekana. Uvuvi wa pwani ya kaskazini ya Java ulikuwa mzito tangu karne ya 19. Inaelezwa kwamba samaki walikwisha kuanza kupungua huko kwenye miaka ya 1870. Pwani yenyewe ikajazwa viwanda na bandari. Na taa, tofauti na dagaa, hazai maelfu. Huzaa watoto wachache walio hai, baada ya kukua taratibu. Ukivua kwa kasi ya dagaa kiumbe anayezaa kwa kasi ya mbuzi, hesabu inajifunga yenyewe. Zaidi ya theluthi moja ya papa na taa wote duniani sasa wamo kwenye madaraja ya hatari.

Mafunjo kwenye orodha hiyohiyo yamepewa wasiwasi mdogo. Ukilinganisha kwa macho tu, ni kama kuweka kaburi pembeni ya mtoto anayecheza mpira.

Na daraja hilo ni sahihi. Mafunjo yameenea karibu Afrika yote ya kitropiki, Madagaska, mabwawa ya Nile ya juu, hadi bonde la Hula kule Israeli. Yakikatwa yanachipua kutoka kwenye mizizi minene inayotambaa majini, na kama hayakuchomwa wala kufyekwa tena mapema, chini ya mwaka mmoja yanakuwa yamerudi. Spishi ya namna hiyo haitoweki duniani wiki ijayo.

Shida yangu ni getini. Mtu anayesoma "wasiwasi mdogo" akiingia shuleni ataelewa nini? Nilipata jibu kabla hata ya kuchora. Nilikwenda Luchelele kutafuta mashina ya kuonyesha, nikamkuta mzee mmoja anafyeka ukingo kwa ajili ya bustani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwalimu. Unayataka haya? Chukua, ni mengi."

Nikamwuliza kama haogopi yataisha. Akacheka. "Haya ni kama nywele, mwalimu. Unanyoa, yanaota."

Mzee ana haki nusu. Unayanyoa kwa panga, yanaota. Lakini pembeni yake lilikuwapo jembe, na tuta la kwanza la matembele lilikwisha kupandwa mahali palipochomwa wiki iliyopita. Hapo hakunyoa nywele, alichuna ngozi. Misri, nchi iliyoandika historia yake juu ya karatasi ya mmea huu, leo mafunjo ya porini ni nadra sana kuyaona. Daraja la dunia linasema spishi ipo. Halisemi chochote kuhusu ukingo wa Luchelele. Ukingo unasemewa na sheria nyingine: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ziwa. Pima mita 60 kutoka majini mahali popote ulipo kando ya mji wetu, kisha uniambie umekanyaga nini.

Kwa hiyo ukichagua mafunjo, usiandike daraja peke yake. Andika mistari miwili: duniani hivi, hapa petu hivi. Ukichagua taa, mstari mmoja unatosha.

Kinachowaunganisha

Kabla sijatoa hukumu, kuna jambo la hapa Mwanza linalofanya ukoo na hali yasiwe maswali mawili ya mbali kama ubao wetu unavyoonyesha. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi katika Ghuba ya Mwanza, kuainisha furu. Wale samaki wadogo tuliowaona utotoni kama wa kuchezea, waligundua ni mamia ya spishi, kila mmoja na meno yake na chakula chake. Wengine walipewa majina ya utani kwanza, rasmi yasubiri. Katika miaka ya 1980 sangara, aliyekuwa amepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, akalipuka kwa wingi. Furu wakaporomoka mbele ya macho ya watu waliokuwa bado wanawahesabu. Wapo waliotoweka kabla hawajapata jina rasmi, na kiumbe asiye na jina rasmi ni vigumu kuingia kwenye orodha yoyote, nyekundu au nyeupe. Taa wa Java alikuwa na bahati kwa kipimo hicho: Martens alimnunua, akamwandika.

Na waliobaki walijificha wapi? Sehemu yao, ndani ya mafunjo. Maji ya ndani ya mafunjo hayana oksijeni nyingi, na sangara hawezi kuishi humo. Baadhi ya furu wanavumilia, kamongo anapumua hewa wala hana shida. Kuna na ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, wa utosi wa manjano, ambaye haishi kwingine ila kwenye mafunjo. Kisiwa cha Rubondo kuna nzohe, swala wa majimaji, anayetembea humo kwa kwato ndefu zilizotanuka. Unapochora mafunjo hujachora mmea tu, umechora nyumba yenye wapangaji, na baadhi ya wapangaji hao wapo kwenye madaraja mabaya kuliko nyumba yenyewe. Ngege, kwa mfano, aliyekuwa samaki mkuu wa ziwa hili kabla ya sato na sangara, yuko hatarini kabisa. (Ndiyo, ningeweza kumchagua ngege nikamaliza ugomvi. Wanafunzi walikataa pande zote mbili kwa kauli moja, ndiyo mara pekee walikubaliana.)

Chagua hivi

Kama una kipindi kimoja tu cha dakika 40, chukua taa wa Java. Kisa chake kina mwanzo na mwisho, hakihitaji vifaa, na mtoto atakayesikia kuhusu soko la Batavia atakuwa na swali la kuuliza akienda Mwaloni Jumamosi. Mtahadharishe tu kuhusu mkia.

Kama una muhula mzima, au una ubao utakaokaa getini miaka mitatu, chukua mafunjo. Taa hahitaji chochote tena kutoka kwetu. Mafunjo yanahitaji mtu wa kupima mita 60. Klabu inaweza kurudi ukingo uleule kila mwezi, ikahesabu hatua kutoka tuta la mwisho la bustani hadi shina la kwanza, ikaandika kwenye daftari. Huo ndio utafiti, na hauna gharama.

Ila usiwaingize watoto majini. Ukingo wenye mimea ndiko konokono wa kichocho walipo, na kuna sehemu viboko wanapanda jioni. Mwombe mvuvi anayepajua mahali akukatie mashina mawili, asubuhi, ukae nchi kavu. Yaweke kwenye ndoo yenye maji. Yasipowekwa majini, kile kichwa cha nyuzi kama nywele kinalegea upesi, na mchoraji atachora kitu kilichokufa.

Sisi tulipiga kura, mafunjo yakapita kwa kura nne. Kundi la taa likanuna hadi mmoja wao alipogeuza plaiwudi na kugundua ina upande wa pili. Nikawaruhusu, kwa sharti kwamba kila kiumbe achorwe kwa ukubwa wake halisi. Mafunjo yakagoma kuenea: shina lililokomaa linafika mita nne na zaidi, plaiwudi yetu haifiki hata mbili na nusu, kwa hiyo tulianzia juu, na shina likatokea chini ya ubao kama limezamia ardhini. Upande wa nyuma, katikati ya weupe wote ule, mchoraji aliweka rula yake ya darasani, akafika mwisho wake kwenye 30, akaongeza sentimita tatu kwa penseli.